Tulivyolipima Gari Kabla ya Safari ya Lusaka

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunapojiandaa kwa safari hufunga mizigo na kupika chakula cha njiani, na gari tunawaachia wanaume. Mimi nami nilikuwa hivyo, hadi mwaka 2011 tulipokwenda kumzika mama mkubwa. Mpira wa rejeta ulipasuka njiani, hatukuwa na mwingine, na tulipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Mama alilia sana kwa kutomuaga dada yake.

Ndiyo maana mwaka jana, tulipopanga kumpeleka mama Lusaka kwa mdogo wangu ambaye alikuwa hajamwona kwa miaka 11, nilisema gari nitalipima kama ninavyompima mgonjwa anayekwenda chumba cha upasuaji. Kutoka Iringa hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hadi Lusaka ni kama 1,000 nyingine. Mama ana miaka 74 na ana shinikizo la damu. Kulala porini kati ya Mpika na Serenje si jambo la mchezo kwake.

Gari lilikuwa la shemeji, la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wiki tatu kabla ya safari tulilipeleka kwa fundi. Alibadilisha oili, chujio la dizeli na la hewa, mkanda wa feni na mipira yote ya rejeta. Mipira ya zamani iliyokuwa bado mizima tuliiweka akiba, tukanunua na tairi la akiba la pili. Kisha nikamwomba anifundishe kufungua gurudumu. Alicheka, lakini nilipoikanyaga spana, nati haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Je, kama tungeligundua hilo usiku, katikati ya pori? Kwenye orodha nikaongeza bomba la kurefushia spana, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye mchanga jeki huzama. Fundi alituonya pia tusiingize gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu, kwani huumiza mitambo. Hiyo ni ya tope na mchanga.

Jaribio la Kitonga

Wiki moja kabla ya kuondoka tulipakia mizigo yote na watu wote, tukashuka mlima Kitonga na kuupanda tena. Tulipofika Ilula tukasimama. Nilizunguka gari nikisogeza mgongo wa kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, kama tunavyomgusa mtoto mwenye homa. Matatu yalikuwa na joto la kawaida. La mbele kushoto lilikuwa linachoma. Fundi alipolifungua, beringi ilikuwa imekauka grisi na imeanza kulika.

"Sista," alisema, "hii isingefika Lusaka."

Tuliona pia kwamba gari linayumba kwenye kona kwa sababu ya mizigo iliyokuwa juu. Nikashusha magunia mawili ya mchele. Mama alinuna.

"Mwanangu, niende kwa mkwe mikono mitupu?"

"Mama, zawadi yao ni wewe."

Hakunisemesha siku nzima.

Karatasi nazo zinahitaji kukaguliwa mapema: kadi ya gari, barua ya shemeji ya kuturuhusu kuvuka nalo, pasipoti, na kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya bima ya gari ya COMESA. Nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu mwaka 2016 inahesabika kwa maisha yote. Dawa za mama niliziacha kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Asubuhi ya safari tulisali, lakini baada ya kukagua maji na oili. Kila tuliposimama niliyapima magurudumu. Siku ya tatu jioni tulifika. Mdogo wangu alitoka getini akikimbia, na mama akamshika uso kwa mikono miwili, asiseme neno.

Usiku, baada ya chakula, mama aliniita pembeni. "Na gari, umelipima homa?"

Nikachukua tochi, nikatoka nje. Safari ya kurudi nayo ilikuwa na kilomita zile zile.