Miaka ya Kazi Kando ya Kichakataji

Mfumo endeshi hauwezi kuandikwa wote kwa lugha ya kawaida ya programu. Kubadili rejista ya CR3, kuzima mikatizo au kutuma baiti kwenye poti, kila jambo hapo linadai amri yake ya asembli. Maktaba ya kufikia kichakataji huzifunika amri hizo kwa funksheni. Kwa vichakataji vya x86 vya biti 64, wanaojenga viini kwa lugha ya Rust wanayo maktaba iitwayo x86_64, na ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii.

Alitokea kwenye lugha ya C, ambako anwani halisi ya kumbukumbu na anwani pepe mara nyingi huandikwa kama namba tupu, na zikichanganywa kompaila hunyamaza. Maktaba hii huzipa aina mbili tofauti, kwa hiyo kosa hukamatwa kabla mashine haijawaka. Tena, katika mpangilio wa kurasa wa ngazi nne, biti 16 za juu za anwani pepe lazima zirudie biti ya 47; anwani isiyotimiza sharti hilo hukataliwa inapoundwa. Kwa mwandishi, ufundi uko hapo. Kufunika asembli peke yake ni kazi ya mchana mmoja.

Kilichomla muda ni jedwali la mikatizo: nafasi 256, kila moja baiti 16, na 32 za kwanza ni za hitilafu za kichakataji chenyewe. Hitilafu ya ukurasa, namba 14, huweka msimbo wa kosa kwenye steki. Kugawa kwa sifuri, namba 0, hakuweki. Funksheni isiyojua tofauti hiyo hurudi mahali pasipo pake. Hitilafu ikikosa mpokeaji huzaa hitilafu maradufu, namba 8, nayo ikikosa wa kuipokea, mashine hujiwasha upya kimya kimya. Jioni mashine ilipojiwasha hivyo, tegemeo la mwandishi lilikuwa poti ya siriali, 0x3F8, inayotoa herufi mojamoja.

Rust ilipokea rasmi asembli ya ndani, yaani amri za asembli zinazoandikwa ndani ya msimbo wa Rust, katika toleo 1.59, Februari 2022. Kabla ya hapo ilihitajika kompaila ya majaribio. Anayetaka kuingia kwenye kazi hii asianze na maktaba. Aanze na mwongozo wa Intel, juzuu la 3, au wa AMD, juzuu la 2.