Magitaa Mawili, Birmingham 1988

Kaseti niliinunua Aprili 1988, wiki ilipotoka, katika duka moja la muziki katikati ya Birmingham, na muuzaji aliniuliza kama namnunulia mtu. Hakuwa na ubaya. Mwanafunzi Mtanzania mwenye koti la mtumba na kitabu cha uhandisi kwapani hakufanana na wateja wake wa Iron Maiden, vijana wa nywele hadi mabegani na jaketi za jinzi zilizojaa viraka vya majina ya bendi. Nikamwambia ni yangu. Akaitia mfukoni na kunionya kwamba safari hii wameweka kinanda, nisije nikarudi kudai pesa zangu.

Albamu yenyewe ni Seventh Son of a Seventh Son, ya saba kwa bendi hiyo. Steve Harris, mpiga besi na mwenye kauli ya mwisho, alikuwa amesoma riwaya ya Mmarekani Orson Scott Card iitwayo Seventh Son, akaona namba inaangukia mahali pake. Imani ya kwamba mtoto wa saba wa kiume, wa baba ambaye naye ni wa saba, huzaliwa na uwezo wa kuponya au kuona yajayo ni ya zamani huko Ulaya. Mimi nimekulia Tanga. Habari za waganga na watazamiaji sikuhitaji kufafanuliwa.

Watu huniuliza metali ilinipataje. Birmingham ndiyo kwao: Black Sabbath walitoka mtaa wa Aston, na mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa kijana, hata ikambidi baadaye alegeze nyuzi ili aweze kuzibonyeza. Uzito ule wa sauti ulichangiwa na vidole vile. Lakini Sabbath, pamoja na heshima yao yote, hawakunishika. Sikio langu lilikuwa la dansi. Nililelewa na redio iliyopiga Sikinde ya Mlimani Park na Msondo ya Juwata, ambako magitaa huzungumza: solo linatoa hoja, solo la pili linaipokea, rizimu linawapatanisha, na besi linakwenda na hamsini zake. Wenzangu hosteli walisikia kelele. Mimi niliwasikia Dave Murray na Adrian Smith, wapiga gitaa wa Iron Maiden, wakipiga tuni moja, mmoja akiwa juu kidogo ya mwenzake, bila kukanyagana. Nikajua hapa pananihusu.

Sikiliza The Clairvoyant. Inafunguliwa na besi peke yake, Harris akikimbiza vidole, halafu magitaa yanaingia juu yake na tuni ambayo ungeweza kuipigia mluzi njia nzima hadi kituo cha basi. Infinite Dreams inaanza taratibu mno kwa bendi ya aina hii, karibu uidhanie bluzi, kisha inapanda ngazi baada ya ngazi hadi mwimbaji, Bruce Dickinson, anapiga ukelele ambao majirani wa hosteli waliulalamikia. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika kumi, na katikati yake kila kitu kinanyamaza, yanabaki maneno ya kusemwa na besi la chini chini, kabla magitaa hayajarudi kwa kasi. The Prophecy sikuipenda wakati ule na siipendi leo. Inapita tu.

Na kinanda? Jirani yangu wa chumba, kijana wa Wolverhampton, alikichukulia kama usaliti. Kwa watu wa imani yake, kinanda kilikuwa cha bendi za kuchumbiana. Smith na Harris walikipiga wenyewe katika studio ya Musicland, Munich, prodyuza akiwa Martin Birch, na wakakiweka nyuma, kama ukungu. Kilichonishangaza ni kwamba aliyekinunia zaidi ndiye aliyeimaliza kaseti yangu kwa kuiazima.

Agosti alikwenda Donington, kwenye tamasha la Monsters of Rock, Iron Maiden wakifunga siku mbele ya watu zaidi ya laki moja. Alirudi kimya. Mchana, Guns N' Roses wakiwa jukwaani, vijana wawili walikufa katika msongamano. Mwaka uliofuata tamasha halikufanyika, na liliporudi 1990 idadi ya watu iliwekewa kikomo. Alichonisimulia ni matope tu.

Mimi niliwaona Novemba, ukumbi wa NEC, nje kidogo ya mji. Siku mbili walizopiga hapo, tarehe 27 na 28, zilirekodiwa na kutolewa kama video ya Maiden England. Nilikuwapo ile ya kwanza. Jukwaa lilikuwa barafu tupu, kama lile jalada alilochora Derek Riggs: Eddie, kinyago wao, amekatika kiunoni, ameshika mkononi kitoto ambacho hakijazaliwa. Kinanda alikipiga Michael Kenney, fundi wa besi la Harris, kajifunika barakoa na joho jeusi, kapandishwa juu ya foklifti. Sijaona kichekesho kilichofanywa kwa dhati namna ile. Watu elfu kadhaa waliimba sauti za magitaa, si maneno, na kwangu hilo lilitosha kuthibitisha nilichokuwa nikibishania hosteli.

Mwaka huu mpwa wangu aliniwekea albamu yote kwenye simu yake. Alisikiliza nyimbo mbili, akavua kisikilizio kimoja. “Mjomba, hiki kisa mbona hakina mwisho?”

Kaona upesi. Mtoto anazaliwa, anapewa kipaji, anaona balaa, hasikilizwi, anakufa. Kati ya hatua hizo mna mashimo. Dickinson mwenyewe amekiri kwamba hadithi iliachwa nusu, na kwamba bendi ya Queensrÿche, kwa albamu yao Operation: Mindcrime ya mwaka uleule, waliifanya kazi hiyo kikamilifu zaidi. Ni kweli. Ila Mindcrime naiheshimu, hii naisikiliza.

Smith aliondoka 1990, wakati bendi ilipotaka kurudi kwenye ukavu, bila madoido, nami nikaacha kununua. Aliporudi 1999 pamoja na Dickinson, Janick Gers aliyeshika nafasi yake hakutolewa, na tangu hapo wana magitaa matatu, besi mbali. Waandishi wa Uingereza waliona ni wingi wa kupindukia. Mtu wa dansi hawezi kushangaa. Huo ndio mpangilio wa kawaida. Shida ni kwamba katika albamu hizi mpya magitaa matatu mara nyingi yanasema jambo moja kwa pamoja, na 1988 mawili yalikuwa yanajibizana.