Nduguye Yakuti

Huenda ukanitambua kwa meno kabla ya kunijua kwa jina. Ni ya kahawia, yenye madoa kama chungu kilichozoea moshi wa kuni. Nilipoingia kidato cha kwanza, mvulana mmoja aliniuliza, "Kwani wewe hupiga mswaki na chai?" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo nilijifunza kucheka nikiwa nimefumba mdomo, ufundi ambao wengi wetu wa Kajiado tunao.

Waama, huo si uchafu. Ni maji. Kwetu Tuala, kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, tunategemea visima virefu vinavyochimbwa kwa mashine. Maji hayo hukaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano, na miamba hiyo huyatia floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo sababu imo katika dawa ya meno. Ikizidi, hugeuka adui. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita. Maji ya kisima chetu yalipopimwa, yalikuwa yamepita kikomo hicho zaidi ya mara mbili. Tena usidhani kuchemsha kunasaidia. Mvuke hupaa, floraidi ikabaki sufuriani, na maji yakazidi kukolea!

Yangu mimi yamekwisha. Meno ya ukubwani hujijenga ndani ya ufizi mtoto angali mdogo, mpaka afikie kama miaka minane, na floraidi huyaharibu humo humo kabla hayajaota. Lakini nina mdogo wangu wa miaka mitatu. Huyo ndiye aliyeniingiza katika somo hili la kemia ambalo, nikisema kweli, sikulipenda sana.

Mama alinunua chujio. Ndani yake mna chembe nyeupe, kama punje za mtama. Muuzaji alisema tu, "Hiyo ni alumina, mama, inakula floraidi." Nilipomfikishia mwalimu wetu wa kemia habari hizo, akatabasamu. "Hiyo ni oksidi ya alumini. Ni nduguye yakuti."

Nilidhani ananitania. Yakuti, lile jiwe jekundu la pete? Lile linalochimbwa Mangare huko Taita, na huko Longido, ukishavuka mpaka wa Namanga, ambako hukaa ndani ya jiwe la kijani? (Jiwe hilo huitwa anyolite, kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya rangi ya kijani. Wenyeji wa Kajiado tulitoa jina, wengine wakapata pete!) Naam, ndilo hilo. Atomi mbili za alumini kwa tatu za oksijeni, basi. Wekundu wake waletwa na kromiamu kidogo tu iliyojipenyeza. Hata ile kauri nyeupe ya plagi ya pikipiki huwa ni alumina, kwa kuwa huvumilia moto na haipitishi umeme. Yakuti huyeyuka joto likipita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na katika kipimo cha ugumu cha Mohs imepewa 9, almasi ikiwa 10.

Sasa je, kitu kigumu hivyo kitakunywaje floraidi?

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kemia. Siri iko katika mpangilio. Umewahi kumwona mama muuza machungwa akiyapanga sokoni, kila chungwa likikaa katika shimo la matatu ya chini yake? Katika yakuti, oksijeni zimepangwa karibu vivyo hivyo. Kati yake hubaki nafasi, na alumini hujaza mbili katika kila nafasi tatu, kila moja ikiwa imezungukwa na oksijeni sita. Fuwele hiyo imebanana barabara. Hakuna mlango wala dirisha.

Chembe za chujio zina mtoto mwingine wa tumbo hilo hilo. Hupatikana kwa kupasha moto hidroksidi ya alumini, lakini si moto mkali mno. Maji hufukuzwa kutoka ndani, na yanapotoka huacha vijitundu visivyohesabika. Alumini zimekaa shaghalabaghala, nafasi nyingine tupu. Gramu moja yaweza kuwa na kuta zenye eneo la zaidi ya mita 200 za mraba, kuliko uwanja wa voliboli! Floraidi hushika nafasi kwenye kuta hizo na kunasa. Ukiipasha moto hadi kupita nyuzi 1,200 hivi, vijitundu hufumbana, atomi hujipanga upya, na inakuwa ngumu kama yakuti. Kwa kazi yetu haifai tena.

Chujio nalo lina ila zake. Hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na uasidi kidogo, ilhali maji ya kwetu yana umagadi. Kwa hiyo kuta hujaa mapema, na zikijaa, maji hupita vile vile yalivyo, safi kwa macho. Muuzaji hakutuambia hilo. Mwalimu ndiye aliyetuhimiza tuwe tukiyapima maji yanayotoka.

Kwa kuwa chujio ni dogo, nyumbani tumepatana kwamba maji yake ni ya mtoto tu, ya kunywa na ya uji wake. Sisi wengine tunaendelea na ya kisima. Nyanya alipoambiwa, alicheka kwa kinywa wazi. "Mimi yangu yalishang'oka yote. Mpeni mtoto, nyinyi!"

Chupa ya maji ya kupimwa iko tayari kabatini. Mama ataipeleka Nairobi mwisho wa mwezi, akilipwa pesa za maziwa.