Dawa Mahali Pake

Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya buni. Kilikaa ubavuni mwa paja la kulia, shibiri moja chini ya kiuno, na mtu asiyejua angedhani ni jipu dogo lililotumbuka. Lakini kila asubuhi mzee yule wa Izimbya alipoamka, kitambaa kilichofungwa hapo kilikuwa kimelowa. Kilikauka wiki mbili, watu wa nyumbani wakashukuru. Wiki ya tatu kikafunguka tena na kutoa maji mazito yenye harufu. Mkamwana wake aliyefua shuka zile hakusema neno, naye mzee hakumwuliza. Heshima iliyopo baina ya mkamwana na baba mkwe ilitosha kuwanyamazisha wote wawili.

Izimbya iko katika Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, nchi ya migomba na mibuni iliyopandwa pamoja kuizunguka nyumba. Shamba la namna hiyo Wahaya huliita kibanja. Humo mtu hula, humo hupata kahawa ya kuuza, na humo huzikwa wazee wake. Majirani walimwita mzee huyo Ta, neno la heshima ambalo Wahaya humpa mwanamume mtu mzima. Alikuwa mkulima kama wao, ila alikuwa na jambo moja la ziada: alikuwa mpiga nanga.

Nanga ni ubao uliochongwa ndani mfano wa hori dogo, ukapitishiwa uzi huku na huku mara kadhaa, na mpigaji huulaza mbele yake akaimba habari za watu wa kale. Si nyimbo za dakika tatu. Ni tendi ndefu za mashujaa, wafalme na mapenzi yaliyoharibika, na mwenye kuziimba hukaa kitako saa nyingi usiku, lubisi ikizunguka na wasikilizaji wakiitikia. Mugyabuso Mulokozi, mshairi ambaye wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanamjua kwa *Malenga wa Bara* aliyoitunga pamoja na Kulikoyela Kahigi, alizifanya tendi hizo za nanga kuwa mada ya tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Msomaji wa visiwani aliyelelewa katika tenzi atakiri kwamba bara nako kuna bahari yake.

Basi mtu ambaye kazi yake ni kukaa kitako, nyonga ikimwasi, huwa amenyang'anywa sauti pia. Nyonga ya kulia ya mzee ilisagika mpaka mfupa ukagusana na mfupa. Watoto wake walichanga, wakamsafirisha hadi hospitali kubwa ya mji wa mbali, akawekewa nyonga ya bandia. Kwa mwaka mzima na miezi kadhaa aliishi kama aliyerudishiwa ujana. Alitembea hadi sokoni bila fimbo, na akapiga nanga katika harusi mbili. Kisha maumivu yakarudi, kwanza usiku, baadaye mchana, na mwisho kile kitundu kikafunguka pajani.

Hapana haja ya kuitafutia lawama hospitali ile. Balaa hili hutokea hata katika nchi zenye kila kitu: kati ya watu 100 wanaowekewa nyonga au goti la bandia kwa mara ya kwanza, mmoja au wawili hupatwa na maambukizi ndani ya kiungo hicho kipya. Wengine hupona na wengine huteseka miaka. Aliyemo katika huo mmoja au wawili hafarijiwi na wale 98.

Mzee alimeza vidonge. Alipewa vya wiki mbili, vikaisha, akapewa vya mwezi, navyo vikaisha. Alipokuwa akivimeza kitundu kilijikunja kama jani la mgomba juani, na alipoviacha kilifunguka. Katika nyumba zilizo jirani watu walianza kunong'ona kuwa ugonjwa usiosikia dawa ya hospitali una mkono wa mtu nyuma yake. Mzee hakuukubali uvumi huo, lakini hakuwa na jibu la kuuzima.

Jibu alilipata kwa daktari wa pili wa upasuaji, mtu makini aliyevuta kiti akaketi naye badala ya kusimama kitandani.

"Mzee wangu, dawa unayomeza inasafiri na nini?"

"Na damu, daktari."

"Na chuma kilichomo nyongani mwako kina damu?"

Mzee alinyamaza, kisha akatikisa kichwa.

Hapo ndipo lilipo fumbo lote. Bakteria wakifika juu ya chuma au plastiki iliyo ndani ya mwili, hawabaki wakielea kila mmoja peke yake. Hujishikiza, huongezeka, na hujifunika utando mwembamba wa ute wanaoutengeneza wenyewe. Chini ya utando huo hupunguza mwendo wa maisha, wakawa kama waliolala, na viuavijasumu vingi huua kwa urahisi yule anayekua, si aliyelala. Kuwaua walio ndani ya utando huweza kuhitaji dawa kali mara mia, hata mara elfu, kuliko kuwaua wanaoelea. Dawa kiasi hicho ikitiwa katika damu, figo na masikio ya mgonjwa vitaharibika kabla bakteria hawajafa. Na hata ile kidogo inayoruhusiwa haifiki vizuri, kwa kuwa kando ya chuma kuna mfupa uliokufa na makovu ambamo mishipa ya damu haipiti tena.

Kwa hiyo waganga wa mifupa walipaswa kujiuliza swali jingine. Badala ya kuituma dawa kwa njia ya damu, kwa nini isipelekwe kwa mkono na kuachwa pale pale?

Mawazo hayo ni ya zamani kuliko viuavijasumu vyenyewe. Mwaka 1892 Mjerumani aliyeitwa Dreesmann alieleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa iliyooza kwa plasta, ile ile ya kufungia mguu uliovunjika, akiwa ameichanganya na dawa ya kuua vijidudu. Miaka 70 baadaye, John Charnley wa Uingereza alianza kuweka nyonga za bandia za namna mpya, akizishikiza mfupani kwa saruji maalumu: unga na maji yanayochanganywa katika bakuli, yakapata joto, yakawa magumu kama jiwe kwa dakika chache. Ndipo mwaka 1970 Buchholz na Engelbrecht wa Hamburg wakachapisha habari ya kuichanganya saruji hiyo na kiuavijasumu jentamisini. Joto la saruji halikuiua dawa hiyo, na saruji iliyokwisha kuganda iliitoa taratibu kwenye nyama na mfupa uliokuwa karibu. Mjerumani mwingine, Klemm, akatengeneza saruji hiyo hiyo kuwa punje ndogo zilizotungwa katika waya. Mtu wa Unguja angeziona angesema ni shanga, au tasbihi. Zilizikwa katika shimo la mfupa, na baada ya siku kadhaa zikavutwa nje moja moja.

Mafundi wa majahazi wangelifahamu jambo hili bila kuelezwa sana. Jahazi linalovuja haliponi kwa kumwagiwa mafuta mwili mzima. Fundi hutafuta ufa ulipo, akaupigilia pamba iliyolowa mafuta kwa patasi na nyundo. Kalafati ni kazi ya mahali. Mkulima wa Kagera naye anajua jambo hilo kwa njia yake: tangu zama za mababu, nyasi za rweya, yaani mbuga iliyo nje ya vibanja, hukatwa, zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya mgomba mmoja mmoja. Daktari alipokwisha kueleza, mzee alisema polepole, "Kumbe nilikuwa namwaga samadi barabarani nikitegemea mvua iifikishe kwenye shina."

Hata hivyo daktari hakumficha upande wa pili. Saruji hutoa dawa nyingi katika siku za kwanza, kisha hupungua ikawa tone kwa tone, na dawa chache mno huweza kuwafundisha bakteria kuizoea. Saruji ikiisha nguvu hugeuka kuwa jiwe tupu mwilini, kikao kipya cha adui. Punje za kisasa za aina ya plasta huyeyuka zenyewe kwa muda wa wiki kadhaa na haziachi jiwe, lakini kidonda huweza kuvuja maji muda mrefu, na hazipatikani kila mahali. Juu ya yote, dawa ya mahali haifanyi kazi ya kisu. Kiungo kilichooza lazima kitolewe na mfupa uliokufa ukwanguliwe. Dawa huja kulinda kilichosafishwa. Vidonge au sindano navyo havikomi, kwa maana mahali na mwili vinahitajiana.

Mpango ulikuwa wa hatua mbili. Kwanza nyonga ya chuma itolewe, na mahali pake pawekwe kiungo cha muda cha saruji yenye dawa, kimtunzie nafasi na kumwezesha kukanyaga kidogo kwa magongo. Baada ya wiki kadhaa, vipimo vikiwa safi, awekewe nyonga mpya. Mwanawe mkubwa aliuliza kwa nini isifanywe mara moja tu. Swali lake lilikuwa la haki: utafiti wa Uingereza na Sweden uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 140 wa nyonga, ulionyesha kuwa baada ya miezi 18 waliopasuliwa kwa hatua moja hawakuwa na maumivu zaidi ya waliopasuliwa kwa hatua mbili. Lakini daktari alijibu kwamba bakteria wa mzee walikuwa hawajatambuliwa, na mfupa ulikwisha kuliwa. Hakutaka kumjengea nyumba mpya juu ya kichuguu.

Ikabaki fedha. Mzee hakuwa na bima. Wanawe walikutana sebuleni, na mmoja akataja kona ya kibanja iliyo karibu na barabara, ambayo mnunuzi alikuwa akiitamani. Dada yake mzee, shangazi yao, alikuwa amekaa mkekani bila kusema tangu jioni. Sasa akasema.

"Baba na mama wamelala kona hiyo. Mtawaambia wahame?"

Hakuna aliyemjibu. Usiku ule mzee mwenyewe alisema kuwa heri aende kaburini na tundu lake kuliko kuwatoa wazee kwenye lao. Vijana walitazama chini. Mwisho walikubaliana kuuza shamba dogo la mikaratusi lililokuwa kule rweya, lililopandwa kwa ajili ya karo za wajukuu. Fedha ile pamoja na kahawa ya msimu ilitosha hatua ya kwanza. Ya pili haikutajwa.

Mwezi Septemba akapasuliwa. Katika bakuli la chuma unga wa dawa ulichanganywa na unga wa saruji, ukafinyangwa na kupelekwa mahali pake kabla haujaganda. Aliporudishwa nyumbani, usafi wa kidonda na vipimo vya damu vilifanywa karibu, kwa wauguzi wa hospitali ya Izimbya, naye hakulazimika kupanda basi la kutwa nzima kwa ajili ya kufunguliwa bendeji. Nayo ikawa tiba iliyofuata kanuni ile ile: kilichokuwa karibu ndicho kilichomfikia.

Jentamisini si mgeni vijijini. Ni ile sindano ambayo mama wengi wa Kagera wameiona ikidungwa kwa vichanga wao. Jijini Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, watafiti wamekwisha kuijaribu kwa njia ya mahali kwa majeruhi waliovunjika miguu na mfupa ukatoka nje. Katika jaribio la awali, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, wagonjwa 100 waligawanywa: baadhi walidungwa jentamisini pale pale palipovunjika, wengine maji ya chumvi. Lilikuwa jaribio dogo, la kuona kama kazi hiyo yawezekana, na utafiti mkubwa zaidi ulipangwa kulifuata. Laiti ithibitike kwamba chupa ndogo iliyoko katika kila kituo cha afya, ikipelekwa inapostahili, yaweza kuuokoa mguu kabla haujafikia hali ya mzee yule.

Novemba ilipofika, msimu wa senene, watoto walikesha wakiwakamata chini ya taa. Vipimo vya mzee vilikuwa safi. Daktari alimwonya kuwa kiungo cha muda si cha kudumu. Chaweza kuvunjika au kulegea, na asikae nacho mwaka mzima. Mzee alimsikiliza, akahesabu miezi iliyosalia hadi kahawa iive tena, na hakusema kitu.

Jioni ile aliomba nanga yake. Hakuweza kukaa kitako kama zamani. Alikalishwa juu ya kiti kirefu, mguu umenyooshwa mbele juu ya kigoda, nanga ikalazwa mezani. Alianza katikati ya utendi, pale shujaa anapovuka mto, na aliimba sehemu ile moja tu kabla ya kuchoka. Shangazi aliitikia kutoka mlangoni.

Asubuhi yake mkamwana aliingia kuchukua shuka. Alikigeuza kitambaa upande mmoja na wa pili, kisha akapiga magoti kwa adabu na kusema maneno ambayo hakuwahi kuyasema mwaka mzima.

"Baba, kimekauka."

"Kiache hapo," mzee akamjibu. "Nataka nikione mwenyewe."