Karatasi Iliyowekwa Mezani

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo. Bibi yako miguu imepata nafuu, na harusi ya dada yako imesogezwa hadi baada ya mfungo. Kilichonifanya nishike kalamu ni habari niliyoisikia, kwamba umeyakataa mafunzo ya Kiingereza ya kabla ya safari yako ya Washington, eti mtu aliyefanya kazi bungeni Dodoma miaka sita hafundishwi Kiingereza. Unakijua, sibishi, na ukoo mzima tunajivunia. Ila hofu yangu si maneno magumu. Neno gumu litakupeleka kwenye kamusi. Jepesi utalipita bila kusimama.

Chukua "table", meza, neno la watoto wa shule. Likiwa kitenzi, Mwingereza hukusudia kulifikisha jambo kikaoni lijadiliwe, nasi tukairithi maana hiyo. Ndiyo sababu shughuli za Bunge letu zina Hati za Kuwasilisha Mezani. Mmarekani akilitamka neno hilohilo, anataka jambo liwekwe kando. Katika Bunge lao huko uendako, hoja ya kuweka jambo mezani haijadiliwi: hupigiwa kura papo hapo, na ikipita, kwa kawaida jambo hilo limekufa. Meza ni ileile, lakini huku karatasi imewekwa isomwe, kule imeachwa hapo na hakuna anayeinyanyua. Winston Churchill, katika historia yake ya Vita Vikuu vya Pili, ameeleza jinsi wakuu wa majeshi wa Uingereza walivyoandaa waraka wa dharura, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka kuuweka mezani. Kwa Wamarekani, waraka wa namna hiyo hutiwa kwenye droo na kusahauliwa. Walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilitaka kitu kimoja. Na hao walizaliwa na lugha hiyo, mwanangu, na walikuwa vitani, ambako saa moja ina gharama yake.

Utaniambia muktadha hufafanua, kwamba hata Kiswahili kina "paa" na "kaa" na hatupotezani. Kweli, lakini sarufi yetu inatulinda: paa huyu ni wa porini, paa hili ni la nyumba. Kitenzi kile hakina kinga hiyo. Ukisema waraka huu uwekwe mezani leo, maana zote mbili zinaingia barabara, kikao kilekile, waraka uleule, na zinapingana. "Sanction" nalo ndivyo lilivyo, laweza kuwa idhini, laweza kuwa adhabu. Utasema pia kwamba kuuliza kunamshusha mtu mbele ya wageni. Kinachomshusha ni muhtasari wenye uamuzi uliopinduliwa, na chini yake sahihi yako.

Baba yako naye ushauri wa dada yake hakuwahi kuuona ushauri, lakini hayo tuyaache. Usikope nauli. Koti zito kanunue hukohuko. Bibi yako mpigie kila Ijumaa. Na mafunzo yale yanaanza Jumatatu. Nakuomba, nenda kwa mratibu kesho asubuhi umwambie alirudishe jina lako kwenye orodha.

Shangazi yako