Sanduku la Mzee na Maktaba ya London



Nilipokuwa mtoto katika shule ya misheni nilidhani kwamba maktaba ni kabati. Shuleni petu palikuwa na kabati moja la mninga, lina kioo na kufuli, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Kila Ijumaa alasiri lilifunguliwa, nasi tukapanga mstari, kila mtoto akapewa kitabu kimoja na jina lake likaandikwa daftarini. Hata nilipokuwa mwalimu, ufunguo wa namna ile ukawa mfukoni mwangu mimi, nikaona fahari. Sikujua kwamba mwenye kushika ufunguo ameshika na dhamana, na kwamba iko siku atakapoulizwa habari za vitu vilivyopotea mbele ya macho yake. Leo nataka kuwaeleza habari hiyo, ingawa si habari ya kunipa sifa.

Kwanza niseme juu ya maktaba iliyo kubwa kupita kabati letu. Nchi ya Uingereza ina maktaba yake ya taifa, jina lake British Library, na jumba lake kubwa liko St Pancras, mjini London. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1973, ikarithi vitabu vilivyokuwa vimekusanywa miaka mingi katika jumba la makumbusho liitwalo British Museum. Vitu vilivyomo ni kadiri ya milioni 170: vitabu, magazeti, ramani, hati za mkono, stempu na sauti zilizonaswa. Vingi havikununuliwa. Iko sheria, na mizizi yake ni ya tangu mwaka 1662, ya kwamba kila mwenye kuchapisha kitabu katika nchi ile lazima apeleke nakala bila kulipwa. Na tangu mwaka 2013 sheria hiyo inashika hata kurasa za intaneti. Kwa hiyo yako mengi humo yatuhusuyo sisi. Hadithi za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere huko Unguja zilichapishwa London mwaka 1870. Wazee waliomsimulia wamekwisha kufa wote, na maneno yao yangali yapo.

Tena maktaba ile haingoji kuletewa tu. Tangu mwaka 2004 inao mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini popote ulimwenguni, na fedha zake hutoka katika mfuko wa hisani uitwao Arcadia. Kazi yake ni hii: mahali penye hati za kale zilizo karibu kuharibika, watu wa pale pale hupewa msaada wazipige picha, ukurasa kwa ukurasa. Hati zenyewe hazitoki katika nchi yake. Nakala moja ya picha hubaki huko huko, na nyingine huwekwa katika maktaba, na yeyote mwenye intaneti aweza kuzisoma bila malipo. Hati za Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Swaleh kule Lamu, zilipigwa picha kwa mpango huo. Mimi nilizitazama mara ya kwanza mwaka 2022 katika kompyuta ya shule, jioni, wanafunzi wamekwisha kwenda zao. Nikaona wino mweusi na mwekundu, nikaona na matundu ya wadudu. Ndipo moyo ukaniambia, Mwalimu, mbona sanduku kama hili liko hatua mia mbili kutoka hapa ulipokaa?

Kwa kuwa katika mji wetu, ulioko pwani, yupo mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa mwandishi. Watu wa zamani wakitaka barua, au wosia, au mkataba wa shamba la minazi, walikwenda barazani kwake, naye akawaandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nakala alizojiwekea zimo katika sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, pamoja na tenzi alizozinakili usiku kwa kupenda kwake. Tulipozihesabu mimi na Mzee, tulipata hati 31. Mimi nalisomeshwa herufi za Kirumi tu, kwa hiyo kwangu zilikuwa kama mlango uliofungwa. Lakini Mzee alizisoma kwa haraka kama mtu asomaye majina ya watoto wake.

Nilipomtajia habari ya picha, hakufurahi. Akasema, “Mwalimu, karatasi hizi hazivuki bahari. Baba yangu alimwazima mgeni daftari moja, akaahidi kulirudisha baada ya mwezi. Baba amekufa akilingoja.” Nikamweleza kwamba mpango huu hauchukui karatasi, bali sura zake tu. Akanyamaza kitambo, akaniambia, “Kama ni sura, njoo uchukue. Lakini njoo mapema, kwa maana macho yangu hayaningoji.” Nikamwahidi nitakuja baada ya Idi.

Basi nikaanza kutafuta njia ya kuomba msaada ule. Nikaona haupewi mtu mmoja mkononi mwake. Hupewa chuo, au nyumba ya nyaraka, au chombo kingine kiwezacho kusimamia kazi na fedha. Mwombaji hutakiwa kueleza hati ni ngapi, ni za zamani gani, ni mali ya nani, hatari yake ni nini, na mwenyewe ameridhia au hakuridhia. Maswali hayo ni ya haki. Nikamwandikia mtu wa chuo kikuu, tukaandikiana. Idi ikapita, na ya pili ikapita. Kila nilipokutana na Mzee njiani niliamkia, “Shikamoo, Mzee,” naye hujibu, “Marahaba, Mwalimu,” kisha hunitazama bila kuongeza neno.

Ikafika tarehe 28 Oktoba 2023. Siku ile maktaba ya London ilivamiwa. Wezi hawakuvunja dirisha. Waliingia kwa njia ya kompyuta, wakanakili mafaili ya maktaba, wakafunga mitambo yake isifanye kazi, wakaharibu na mingine. Ni kundi lijiitalo Rhysida, nao walitaka bitkoini 20, yaani karibu pauni 600,000. Maktaba ikakataa kulipa. Wezi wakatoa hadharani kadiri ya gigabaiti 600 za habari walizoiba, na ndani yake zilikuwamo habari za wafanya kazi na za wasomaji. Jumba lilikuwa limesimama, na vitabu vilikuwa rafuni salama. Lakini orodha ya kuonyesha kila kitabu kiko wapi haikufunguka, wala picha za hati hazikuonekana. Msomaji alikuwa kama mtu aliyesimama katika ghala kubwa usiku bila taa. Hata tarehe 15 Januari 2024 orodha ile ikarudi, tena si kazi zake zote.

Sasa nieleze kosa langu. Nilipoona kurasa zile hazifunguki, nilijiambia, “Vema, nitangoja hata maktaba itakapopona.” Ukweli ni kwamba nilipata udhuru wa kupumzika. Simu yenye kupiga picha ilikuwa mfukoni mwangu, Mzee alikuwa nyumbani kwake, na sanduku lilikuwa mahali pake. Nami nalikaa nikingoja mafundi wa London. Wakubwa wetu walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza zaidi ya tumbo.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa kali sana katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba upepo uliinua bati la chumba cha Mzee, mvua ikaingia hata alfajiri, na sanduku lilikuwa chini ya tundu lile. Mjukuu wake alikuja kuniita kabla ya kengele ya shule. Tulipolifungua, karatasi za juu zilikuwa zimeshikamana kama mkate uliolowa, na wino umetiririka. Tulizitandaza juu ya mkeka ndani ya nyumba, moja moja, tukazipepea. Katika 31 zilisalia 19. Katika zile 12 zilizopotea mlikuwamo mwanzo wa utenzi aliokuwa Mzee akiupenda kuliko yote.

Sikujua la kusema. Nikamwomba radhi, nikamweleza na habari ya London, jinsi nilivyokuwa nikingoja maktaba ifunguliwe. Nilidhani atanikemea. Akacheka kidogo, akasema, “Kumbe na wao wamenyeshewa!” Kisha akasema kwa upole, “Lakini wao wana watu wa kutandaza mkeka. Sisi tuna nani, Mwalimu, kama si wewe?” Neno hilo lingali masikioni mwangu.

Mwezi wa Machi 2024 maktaba ile ilitoa ripoti, nikaisoma kwa makini kwa sababu nilitaka kujua wakubwa nao hukosa wapi. Ilisema kwamba yamkini wezi walipita katika mlango wa kompyuta uliowekwa kwa ajili ya washirika wa nje na wasimamizi wa kompyuta wa maktaba, na mlango ule haukuwa na kufuli ya pili juu ya neno la siri. Ilisema pia kwamba mitambo mingi ilikuwa ya zamani mno. Lakini lililonishika zaidi ni hili: nakala za mkusanyo wao wa kompyuta zilikuwapo, zimetunzwa salama, ila hawakuwa na mitambo mizima ya kuzirudishia. Tena hawakuficha makosa yao. Waliyaandika ili maktaba nyingine zijifunze. Hata katika mwaka 2025 kazi ya kurudisha huduma ilikuwa ikiendelea. Basi nikafahamu kwamba ukubwa si kinga. Kitu kilicho mahali pamoja tu, mahali pale pakiwa sanduku la mbao au jumba la London, kimekaa katika hatari; na nakala isiyo na mahali pa kuwekwa haitoshi.

Tangu hapo tumefanya hivi. Kila Jumamosi asubuhi naenda kwa Mzee na wanafunzi wawili. Tunatandika kitambaa cheupe karibu na dirisha, mbali na jua kali. Mmoja anafunua ukurasa kwa mikono safi iliyokauka, mmoja anapiga picha, nami naandika hesabu yake daftarini: hati ya ngapi, ukurasa wa ngapi, ina habari gani. Kisha Mzee anasoma kwa sauti, nasi tunaandika kwa herufi za Kirumi, kwa maana picha bila msomaji ni mlango uliofungwa vile vile. Nakala moja ya picha iko shuleni, ya pili iko kwa mjukuu wake anayekaa mjini Tanga, na ya tatu tumekubaliana na Mzee kwamba tutaipeleka Dar es Salaam. Huko iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na Chuo Kikuu nacho kina hati za Kiswahili za zamani ambazo J. W. T. Allen alizitolea orodha mwaka 1970. Barua ya kuomba msaada wa London nayo imeandikwa upya. Safari hii nina orodha ya kweli ya kuwaonyesha.

Katika orodha ile, kwa shauri la Mzee, tumeandika hata zile 12 zilizopotea: kila moja jina lake, na ilikuwa na kurasa ngapi, na maneno ya mwanzo kama anayakumbuka. Mwanafunzi mmoja akauliza, “Mwalimu, kwa nini tuandike kitu kisichokuwapo?” Mzee akamjibu, “Labda kuna mwenzake katika sanduku la mtu mwingine. Asipojua kwamba tunautafuta, atautambuaje?” Mali bila daftari hupotea bila habari, na kilichokwisha potea, kikiwa na daftari, hakikupotea chote. Beti za mwanzo za utenzi ule Mzee alizikumbuka 14 kwa moyo. Baada ya hizo alisimama, akafumba macho, akatikisa kichwa. Tuliacha karatasi tupu mahali pale, na tupu iko hata leo.

Ndugu zangu walimu, ninyi mlio karibu na wazee kuliko mtu wa maktaba yoyote, nawasihi. Ulizeni habari za masanduku. Msimwondolee mtu karatasi yake, wala msimwahidi siku msiyoiweza. Pigeni picha mlizo na uwezo nazo, andikeni orodha, wekeni nakala mahali zaidi ya pamoja, ndipo mwandike barua kwa maktaba kubwa. Kwa maana msaada wake ni wa kweli, lakini humfaa zaidi aliyekwisha anza. Nami nakoma hapa, kwa kuwa kesho ni Jumamosi, na hati ya 17 inangoja.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa pwani.