Chakula, Kisha Sindano
Insulini, kabla ya kumfikia mwanadamu, ilipitia kwa mbwa. Mwaka 1921, mjini Toronto, Banting na Best waliwaondolea mbwa kongosho, kisha wakawachoma dawa hiyo na kuona sukari ya damu ikishuka. Januari 1922 akachomwa kijana wa miaka 14.

Vijana wapenzi, hayo niliyakumbuka Ubelgiji nilikokuwa masomoni, nikisaidia kumtunza mbwa mwenye kisukari, mali ya mama mzee aliyenipangisha chumba. Chakula kilipimwa, kilekile kila siku, asubuhi na jioni kwa saa ileile. Akiisha kula, ndipo sindano chini ya ngozi. Asipokula, tulimpigia simu kwanza mganga wa wanyama, kwani dawa hiyo juu ya tumbo tupu yaweza kuua. Kwa kushika saa, mbwa yule alinishinda mimi mwalimu.

Moyoni nilinung'unika: kwetu Bukavu wapo watoto wanaoikosa dawa hiyohiyo. Nanung'unika hata leo, lakini juu ya bei na njia zinazoizuia, si juu ya bakuli la mbwa. Kumnyima yeye kusingemfikishia mtoto hata tone moja.